Kitanda cha Mwisho: Wanafunzi Sita wa Uuguzi na Mgonjwa Mmoja Mwenye UKIMWI

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika wodi ya magonjwa ya ndani ya wanawake, kwenye hospitali moja ya rufaa ya mkoa Tanzania Bara, nilipokuwa mwalimu wa vitendo wa wanafunzi wa stashahada ya uuguzi. Mkoa, hospitali na chuo havitajwi, na baadhi ya mambo, kama vile umri, idadi ya siku na habari za familia, yamebadilishwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mgonjwa mwenyewe, pamoja na mwanafunzi aliyechomwa na sindano, walikubali kisa chao kitumike kufundishia. Mgonjwa nitamwita Bi. M, wanafunzi sitawapa majina.

Ninakiandika kwa ajili ya walimu wenzangu na wauguzi wanaopokea wanafunzi wodini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwanafunzi anayemkwepa mgonjwa wa UKIMWI amekosa elimu tu, na kwamba akishaelezwa vizuri njia za maambukizi atamkaribia mgonjwa kama anavyowakaribia wengine. Wanafunzi hawa sita walikuwa wamefaulu somo la kudhibiti maambukizi, wote, na wawili kati yao kwa alama za juu kabisa darasani.

Mazingira ya wodi

Wanafunzi walikuwa wa mwaka wa pili, wanne wa kike na wawili wa kiume, na walipangiwa wodi hiyo kwa wiki sita. Wodi ilikuwa na vitanda 24 na mara nyingi wagonjwa zaidi ya hao. Zamu ya usiku ilikuwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, kwa hiyo wanafunzi hawakuwa watazamaji. Wao ndio waliopima joto, mapigo na shinikizo la damu, waliotandika, waliowageuza wagonjwa wasiojiweza na kuwasafisha. Glavu zilitolewa kwa hesabu kila asubuhi, boksi moja kwa wodi nzima, na barakoa za N95, zile nzito zinazochuja vijidudu vya hewani, zilifungiwa kabatini, ufunguo ukiwa mfukoni mwa msimamizi wa wodi.

Msimamizi huyo, ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliingia kazini mapema miaka ya 1990, wakati UKIMWI, ulioripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeshafika katika kila mkoa, na wodi kama ile haikuwa na cha kumpa mgonjwa zaidi ya maji ya dripu, septrini na maneno ya faraja. Dawa za kufubaza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004, yeye alikuwa ameshawafunika shuka wagonjwa wengi kuliko alivyopenda kukumbuka, na miongoni mwao wauguzi wenzake. Naeleza hili mapema kwa sababu ya nyota.

Kwenye pembe ya juu ya jalada la kila mgonjwa mwenye VVU palichorwa nyota ndogo kwa wino mwekundu. Hapakuwa na mwongozo wowote uliosema hivyo. Majalada yalitundikwa miguuni pa vitanda, mahali ambapo ndugu wa mgonjwa wa pili angeweza kuyaona akipita na kikapu cha chakula, na wanafunzi waliambiwa maana ya nyota hiyo siku yao ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kunawia mikono.

Mgonjwa

Bi. M, mwenye umri wa miaka 38, aliletwa na mdogo wake wa kike akiwa na maumivu makali ya kichwa ya wiki tatu, kutapika, shingo iliyokakamaa, na usingizi mzito uliomfanya asijue ni siku gani. Alikuwa ameanza dawa za VVU miaka 6 kabla ya hapo, kisha akaziacha kwa zaidi ya mwaka mmoja. CD4 zake, yaani chembe za kinga mwilini, zilikuwa chini ya 50, ishara kwamba kinga yake ilikuwa imeshuka sana. Maji ya uti wa mgongo yalionyesha fangasi wa kriptokokasi, na dawa ya dripu ilianzishwa siku hiyohiyo. Alikuwa pia na kikohozi, lakini majibu ya makohozi yalichelewa. Yalipokuja siku ya nne yalionyesha kifua kikuu.

Aliwekwa kitanda cha mwisho, karibu na mlango wa choo. Kando ya kitanda kulikuwa na dirisha kubwa ambalo lilikuwa limefungwa tangu alipoingia, kwa sababu, niliambiwa, usiku kulikuwa na baridi.

Yaliyotokea: chati

Mwanzoni mwa wiki ya pili nilifika wodini saa moja asubuhi na kuanza kupitia chati kabla ya raundi ya madaktari. Chati ya Bi. M ilikuwa nadhifu kuliko zote. Joto lilikuwa 36.8, kisha 36.8, kisha tena 36.8. Shinikizo la damu lilikuwa 110/70 mara sita mfululizo, kwa siku mbili, katika miandiko mitatu tofauti. Mtu aliyewahi kupima shinikizo la damu kwa mkono wake anajua kwamba mwili wa binadamu hautulii hivyo hata mtu akiwa mzima.

Nilimwekea mgonjwa kiganja kwenye paji la uso, na sikuhitaji kipimajoto ili kujua, ingawa nilikitumia: 39.2. Shinikizo lilikuwa 90/50. Nilimwita daktari wa zamu, na tulipomgeuza mgonjwa ili asikilizwe mapafu nikaona ngozi juu ya kitako imekuwa nyekundu na kuanza kuchubuka upana wa sarafu. Hakuwa amegeuzwa. Midomo ilikuwa imepasuka na ulimi umefunikwa na utando mweupe wa fangasi, mzito kama maziwa yaliyoganda, ambao hakuna aliyeusafisha isipokuwa mdogo wake, kwa pembe ya kanga iliyoloweshwa maji.

“Mwalimu, kazi za hapa nazifanya mwenyewe,” mdogo wake aliniambia bila hasira. “Wananiwekea glavu juu ya kabati, wananiambia, dada ukishamaliza tuite.”

Yaliyotokea: kosa langu

Nililolifanya baada ya hapo ni kosa kubwa kuliko la wanafunzi, na nalieleza kama lilivyokuwa. Niliwaita wote sita pale pale kitandani na kuwauliza, kwa sauti ya mtu aliyekasirika, “Hivi ninyi mnaogopa nini? Hamkusoma kwamba VVU haviambukizwi kwa kumshika mtu?”

Wodi ilinyamaza. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akichangia chupa moja ya chai na mdogo wake Bi. M, aliinua ile chupa kutoka kwenye kabati lililokuwa katikati yao na kuiweka upande wake wa pili. Hakusema neno. Mdogo mtu aliona, nami nikaona.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamkataza mtoa huduma kutoa siri ya hali ya mgonjwa, na mimi, niliyewafundisha wanafunzi hao sheria hiyo, niliivunja mbele yao nikijiona natetea haki ya mgonjwa. Kwa kuwa Bi. M alikuwa bado hajitambui vizuri, nilimwomba radhi mdogo wake siku hiyo, na Bi. M mwenyewe wiki iliyofuata alipopata fahamu. Niliandika taarifa kwa Sista na kwa mkuu wa idara yetu chuoni. Jibu pekee nililopata kwa maandishi lilihusu chati.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu adhabu. Kughushi vipimo vya mgonjwa ni kosa ambalo mwanafunzi anaweza kusimamishwa nalo, na idara ilipendekeza wale watatu wenye miandiko ile warudishwe chuoni. Niliomba wasirudishwe. Si kwamba niliwaonea huruma. Nilikuwa nimeona kwamba wale watatu wengine, ambao hawakughushi kitu, nao hawakumgusa mgonjwa, ila walikuwa na busara ya kuacha nafasi wazi kwenye chati. Kuwaadhibu wa kwanza kungewafundisha wa pili kwamba tatizo ni kuandika. Tulikubaliana wapewe onyo la maandishi, na kwamba zamu zao zirefushwe kwa wiki mbili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kujua wanaogopa nini hasa. Nikiwauliza ana kwa ana wangenijibu kwa lugha ya kitabu, kwa hiyo mchana, katika chumba cha wauguzi, niligawa vipande sita vya karatasi vilivyofanana na kalamu sita zilizofanana, nikawaomba kila mmoja aandike kile kinachomzuia kwenda kitanda cha mwisho, bila jina. Nilitoka nje. Niliporudi karatasi zilikuwa ndani ya beseni la figo, kile kibeseni kidogo cha hospitali chenye umbo la figo.

Ni moja tu iliyotaja kuambukizwa kwa maana niliyoitarajia. Ya pili ilisema, “Nikichomwa sindano nikaambukizwa, nani ataamini kuwa nimeipata kazini?” Ya tatu ilisema kwamba mchumba wake alimwambia asithubutu. Ya nne: “Wauguzi wenyewe hawamsogelei, mimi ni nani?” Ya tano ilikuwa fupi, “Aliacha dawa mwenyewe.” Ya sita ilisema, “Anafanana na mama.” Aliyeandika hiyo alinifuata siku mbili baadaye, akanieleza kwamba mama yake alifariki kwa ugonjwa huohuo yeye akiwa darasa la nne, na kwamba harufu ya dawa ya kusafishia mdomo ndiyo iliyokuwa ikimfukuza pale. Huyo hakuhitaji somo la maambukizi. Alihitaji aruhusiwe kulia, kisha apangiwe kazi nyingine kwa siku chache, nami nilifanya hivyo bila kuwaeleza wenzake sababu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kufanya kazi pamoja nao badala ya kuwahutubia. Kwa siku kumi nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila siku mwanafunzi mmoja alinisaidia kumhudumia Bi. M kuanzia kitambaa cha uso hadi kumgeuza. Tulianza na dirisha: tulilifungua, tukalifunga kwa kamba lisijirudishe, tukamwongezea mgonjwa blanketi. Kisha barakoa, ambazo nilimwomba Sista azitoe kabatini. Tulipima joto na shinikizo kwa mikono mitupu iliyonawiwa, kwa sababu ngozi nzima juu ya ngozi nzima haihitaji glavu. Kwa usafi wa mdomo tulivaa glavu, jozi moja. Mwanafunzi mmoja alikuwa na mazoea ya kuvaa jozi mbili hata kwa kumpa mgonjwa kikombe. Nilimwomba amfunge mgonjwa kitambaa cha kupimia shinikizo akiwa nazo, kisha bila nazo, aniambie ni lini aliisikia mishipa vizuri. Hakujibu, lakini jozi ya pili sikuiona tena.

Kilichosaidia zaidi sikukipanga. Shinikizo ndani ya fuvu lilipopanda, daktari alilazimika kutoa maji ya uti wa mgongo mara kadhaa ili kumpunguzia mgonjwa maumivu. Katika kazi hiyo mtu mmoja humkunja mgonjwa kwa ubavu, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya magoti, na kumshikilia asitikisike wakati sindano iko mgongoni. Haiwezekani kuifanya ukiwa mbali. Binti aliyekuwa akiweka glavu juu ya kabati ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Alimshika Bi. M kwa dakika kama ishirini, paji la uso la mgonjwa likiwa begani mwake, na maumivu yalipopungua, mgonjwa akalala papo hapo mikononi mwa binti yule. Daktari alipomaliza, binti aliendelea kumshika.

Uamuzi wa nne, wa kuomba nyota ifutwe, ndio uliokuwa mgumu. Sista alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: “Mwalimu, boksi ni moja. Nisipowaambia ni nani, glavu watazivaa kwa nani?” Hakuwa mtu katili. Katika wodi isiyo na glavu za kutosha, alama ile ilikuwa njia yake ya kugawa kilichopo, na pia njia ya kuwalinda vijana ambao aliwaona kama watoto wake, kwa namna aliyojifunza wakati wa vifo vingi. Nilimwambia kwamba nyota inawafanya vijana hao wawe wazembe kwa vitanda vingine vyote. Alisema nimletee ushahidi. Ushahidi ulikuja wiki moja baadaye, kwa njia ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka.

Sindano

Jioni ya siku moja ya wiki ya tatu, mwanafunzi wa kiume alitumwa kuchukua damu kwa mwanamke kijana aliyelazwa mchana huo kwa homa. Mgonjwa alikuwa mnene kidogo, amesuka, kucha zimepakwa rangi, anacheka na simu yake. Jalada halikuwa na nyota. Mwanafunzi hakuvaa glavu, na alipomaliza alirudisha kifuniko kwenye sindano kwa mikono yote miwili, ingawa sefti boksi, kasha la kutupia sindano zilizotumika, ilikuwa umbali wa hatua tatu. Sindano ilimchoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Alinawa, akafunga plasta, akaendelea na zamu. Hakumwambia mtu. Ilikuwa saa tatu usiku, karibu saa tano baada ya kuchomwa, rafiki yake aliponipigia simu. Nilipomfikia yule mwanafunzi bwenini, neno lake la kwanza halikuhusu ugonjwa: “Mwalimu, usiwaambie chuoni.” Niliikumbuka karatasi ya pili.

Tulimpeleka idara ya dharura, akapimwa, akaanzishiwa PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kuwa katika hatari, ambazo hutumika kwa siku 28. Mwongozo unataka zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na zikianza baada ya saa 72 hazina faida. Yeye alimeza kidonge cha kwanza baada ya saa kama saba. Mgonjwa aliyechukuliwa damu alielezwa na kukubali kupimwa. Majibu ya VVU yalikuwa hasi. Majibu ya homa ya ini ya virusi B yalikuwa chanya.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mwanafunzi huyo, ambaye alizaliwa kabla chanjo hiyo haijaingia katika ratiba ya watoto, alikuwa amechanjwa dozi moja tu kati ya tatu. Dozi ya pili alipaswa kuipata mwezi mmoja baada ya ya kwanza, lakini siku hiyo chuo kilikuwa na mtihani, na hakuna aliyefuatilia. Nilipokagua kadi za wenzake, ni mmoja tu aliyekuwa amekamilisha.

Matokeo

Daktari alisimamisha PEP baada ya kuyatathmini majibu ya mgonjwa. Mwanafunzi alipewa dozi ya pili ya chanjo usiku uleule, kwa kuwa kingamwili za moja kwa moja dhidi ya virusi B hazikupatikana hospitalini, na akafuatiliwa kwa miezi sita. Alibaki salama. Miezi hiyo sita, alinieleza baadaye, alikuwa akiogopa kumbusu mtoto wa dada yake, ingawa alijua kwamba busu la shavuni halimwambukizi mtoto.

Bi. M alipata nafuu polepole. Alimaliza dawa ya dripu, akaendelea na vidonge vya flukonazo, dawa ya fangasi, akaanza matibabu ya kifua kikuu, na dawa za VVU zikarudishwa baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kuziharakisha kwa mgonjwa mwenye fangasi wa uti wa mgongo huweza kumdhuru. Mchubuko wa mgongoni ulipona. Alipoanza kuketi alizoea kuzungumza na wanafunzi wakati wa kuoshwa, na ni kwa binti aliyemshikilia siku ya sindano ya mgongo ndipo alipoeleza jinsi alivyoacha dawa. Alikuwa ameolewa mara ya pili, akahamia kijijini kwa mume, na hakumweleza mume huyo kwamba yeye ana VVU. Vidonge alivifunga na pamba ndani ya kopo visilie akitembea. Siku ya kliniki ilijulikana na kijiji kizima, na aliyekuwa akisimama kwenye ile foleni alijulikana pia. Mwezi mmoja hakwenda, wa pili akaogopa kugombezwa kwa kutokwenda wa kwanza, na ikawa hivyo.

Mimi aliniambia jambo moja tu kuhusu wiki zile za mwanzo, nilipomwomba radhi. “Yale uliyosema sikuyasikia, mwalimu. Lakini hata nikiwa sijitambui nilikuwa naujua mkono unaoogopa. Unafika haraka na kuondoka haraka.”

Alitoka hospitalini akiwa anatembea. Mama wa chupa ya chai alikuwa ameshatoka siku nyingi.

Uchambuzi

Hofu ya wanafunzi haikuwa ya kijinga yote, na mwalimu anayewaambia kwamba hakuna hatari atapoteza imani yao. Bi. M hakuwa kwenye dawa, na damu ya mgonjwa wa namna hiyo ina virusi vingi; ule ukweli kwamba mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana haukuwa unamhusu wakati ule. Hatari ya kuambukizwa VVU kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi ni kama asilimia 0.3, yaani mara 3 kati ya 1,000. Ni ndogo, lakini ipo, na ndiyo maana kuna glavu, sefti boksi na PEP.

Lakini hofu hiyo ilielekezwa mahali pasipo na hatari. Kupima joto, kumgeuza mgonjwa na kumpa kikombe hakuambukizi VVU, na hivyo ndivyo vitu walivyoviacha. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na kwa zaidi ya wiki moja walipita kando ya kitanda chenye dirisha lililofungwa bila barakoa, huku mikononi wamevaa glavu mbilimbili. Homa ya ini ya virusi B, ambayo kwa mtu asiye na kinga huweza kuambukizwa katika asilimia 6 hadi 30 ya wanaochomwa na sindano yenye virusi hivyo, hakuna aliyeiandika kwenye karatasi. Waliogopa sana ugonjwa mmoja, na hofu yao ikaishia hapo.

Hapo ndipo nyota ilipofanya madhara yake makubwa. Kwa Bi. M ilimnyima huduma na siri. Kwa mwanafunzi aliyechomwa ilifanya jambo ambalo hata Sista hakulikusudia: ilimwambia kwamba asiye na nyota ni salama. Tahadhari za kawaida, yaani kanuni za kujikinga kwa kila mgonjwa bila kujali hali yake, zilibuniwa katika miaka ya 1980 na kuboreshwa katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu hiyohiyo kwamba mtoa huduma hawezi kumjua mwenye maambukizi kwa kumtazama, na alama yoyote jaladani inamrudisha kwenye kutazama. Niliusema ukweli huo darasani kwa miaka mingi. Wodi ilisema kinyume chake kila asubuhi, kwa wino mwekundu, na wanafunzi, kama wanafunzi wote, waliiamini wodi.

Zile karatasi ndizo zilizofaa kuliko kitu kingine chochote nilichokifanya, kwa sababu zilionyesha kwamba tendo moja, la kutomsogelea mgonjwa, lilikuwa na sababu sita, na kila moja ilihitaji jibu lake. Anayeogopa kwamba hataaminika akiambukizwa kazini anahitaji utaratibu wa kutoa taarifa usio na aibu, na sisi hatukuwa nao. Laiti tungekuwa nao, kijana yule asingekaa saa tano na kidole chake mfukoni. Anayemhukumu mgonjwa kwa kuacha dawa hatabadilishwa na takwimu. Aliyeandika ile karatasi alijitaja mwenyewe wiki ya tano, baada ya kusikia habari ya kopo na pamba, akasema kwamba angekuwa ni yeye angeacha mapema zaidi.

Kufanya kazi bega kwa bega kulisaidia, ingawa nina shaka na ukubwa wa mafanikio hayo. Wanafunzi walimpenda Bi. M. Kumpenda mgonjwa mmoja aliyepona, mchangamfu, anayewaita “wanangu,” si sawa na kumhudumia yule atakayefuata, ambaye huenda ni mlevi, ana matusi, au anakufa. Katika wiki za mwisho nilisumbuliwa na mashaka hayo nilipoona jinsi walivyokuwa wakikimbilia kitanda cha Bi. M na kumsahau bibi mmoja wa kitanda cha kumi na moja, asiye na VVU, ambaye alikuwa akijikojolea tu.

Kilichoshindikana kabisa ni upande wa chuo. Nilipendekeza kwamba mwanafunzi asiingie wodini bila kadi ya chanjo iliyokamilika, na jambo hilo lilikubaliwa. Nilipendekeza pia kwamba namba ya kupiga baada ya kuchomwa na sindano ibandikwe kila wodi, na kwamba taarifa hiyo isipite kwa msajili wala kwa mshauri wa nidhamu. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa. Ya pili bado ilikuwa mezani nilipohamishiwa kituo kingine.

Ama Sista, yeye alitimiza ahadi yake. Baada ya tukio la sindano aliketi na kutonesha wino wa kufutia kwenye jalada moja moja, hadi nyota zote zikatoweka. Wiki mbili baadaye niliona kidoa cha bluu kwenye pembe ileile ya baadhi ya majalada. Nilipomuuliza alinijibu kwamba ni alama ya wagonjwa wanaohitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Nilipita kitanda hadi kitanda: vidoa vilikuwa vitano, na wanne kati ya wenye vidoa walikuwa wakienda chooni kwa miguu yao.